Kupiga picha Usambara: vinyonga, maua ya msituni na mashamba ya mteremkoni

Aliyezoea kupiga picha mbugani akipanda milima ya Usambara hujikuta hajui aanzie wapi. Serengeti mnyama ni mkubwa, yuko mbali, na mwanga ni tele. Ndani ya msitu wa Amani au Magamba mambo yamegeuka: kinachostahili picha ni kidogo, kiko hatua moja kutoka ulipo, na mwanga ni haba hata saa 6 mchana. Kinyonga wa urefu wa kidole amekaa kwenye kijiti kando ya njia na msafara mzima umempita. Maelekezo haya ni ya mtu anayepiga picha kwa kupenda kwake na anayeweza kurudi kwenye njia ileile mara nyingi. Kurudi huko kuna uzito kuliko lenzi yoyote utakayonunua, kwa sababu utajua ua gani linachanua lini, jua linafika saa ngapi kwenye mwamba upi, na chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua, hutua tawi gani.

Wakati na ruhusa

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mvua ndiyo inayoamsha vyura, konokono, uyoga na vinyonga, kwa hiyo kwa vitu vidogo nenda mvua zinapoanza au zinapokaribia kukatika. Katikati ya masika njia huwa matope matupu. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu, na ni majira mazuri ya picha za msitu wenyewe. Kwa mandhari ya mbali, siku ya kuvizia ni ile ya kwanza yenye jua baada ya mvua kubwa, hewa ikiwa imeoshwa. Kiangazi kikishika, vumbi na moshi wa mashamba hufifisha bonde lote, na hakuna marekebisho ya kompyuta yanayorudisha umbo ambalo kamera haikuliona.

Kumbuka tuko karibu na ikweta. Jua huchomoza na kuzama kwa haraka, na likishazama giza huingia ndani ya kama nusu saa. Ile rangi ya dhahabu unayoisubiri haidumu. Uwe umeshasimama mahali pako, kamera iko kwenye stendi, angalau dakika 40 kabla.

Amani na Magamba ni hifadhi za mazingira asilia zilizo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lipa kiingilio, chukua mwongoza wageni, na kama unataka kuingia usiku sema mapema ofisini, usingoje jua lizame. Picha za biashara na filamu zina kibali chake tofauti. Uliza hapohapo kabla hujafungua stendi.

Vifaa, na vile vya kuacha nyumbani

Lenzi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 90 hadi 105 ndiyo ya kwanza. Inakuwezesha kusimama mbali kidogo na kiumbe bila kumtisha wala kumtia kivuli. Kama huna, tumia mirija ya kurefushia lenzi: mrija wa milimita 25 ukiufunga kati ya kamera na lenzi ya milimita 50, kitu kitaonekana kwenye sensa kwa nusu ya ukubwa wake halisi. Mrija hauna kioo ndani, hivyo hauharibu ubora wa picha. Unachopoteza ni mwanga kiasi na uwezo wa kufokasi mbali. Kwa mbega na ndege, 70–300 inatosha kuanzia. Kwa mandhari, ile lenzi ndogo uliyouziwa pamoja na kamera inafanya kazi nzuri ikiwa kwenye f/8 (namba ya f ni tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo).

Ongeza hivi: stendi ya miguu mitatu inayoweza kulala karibu na ardhi, flashi inayoweza kutolewa juu ya kamera, na waya wake au kirusha mawimbi cha kuiwasha, filta ya poleraiza inayopunguza mng'ao, tochi mbili, moja ya kichwani, betri mbili za akiba, maana baridi huzila, vitambaa vikavu kadhaa, mwavuli. Shona pia kifuko cha kitambaa kigumu ukijaze kilo 1 ya mchele au maharage. Kikilazwa juu ya jiwe, kamera hukaa chini kabisa usawa wa ua, mahali ambapo stendi nyingi hazifiki.

Mwenye simu asijione nyuma. Bonyeza kwa muda mahali pa kufokasi mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha vuta mwanga chini kidogo ili weupe usiungue. Simu nyingi zikisogezwa karibu sana huhamia zenyewe kwenye lenzi pana, na kivuli cha simu humwangukia kiumbe. Rudi nyuma kidogo, tumia zumu ya 2x.

Kinyonga

Usambara ina vinyonga wanaopatikana sehemu chache mno duniani. Yule mkubwa mwenye pembe tatu, Trioceros deremensis, dume ndiye mwenye pembe, jike hana. Upande wa magharibi yuko Kinyongia multituberculata, dume ana pembe mbili mbele ya pua. Na wako wale wadogo wa kahawia wanaofanana na jani kavu, ambao hukaa chini kwenye majani ya msitu na usiku hupanda vijiti vya usawa wa goti.

Mchana kumwona ni kazi. Usiku ni rahisi zaidi, kwa sababu kinyonga akilala rangi yake hupauka, na mwanga wa tochi ukimgonga hung'aa kati ya majani ya kijani. Shika tochi usawa wa macho yako, si kiunoni, na upitishe mwanga taratibu kwenye ncha za vijiti na matawi yaliyoning'inia pembeni mwa njia. Hupenda ncha kabisa, ambako nyoka akija kijiti hutikisika na kumwamsha. Kwa sababu hiyohiyo usiguse kijiti. Ukikitikisa ataamka, atageuka rangi, au atajiachia aanguke, na usiku wake umeharibika.

Mpangilio wa kuanzia usiku: kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata yaani muda wa kuingiza mwanga sekunde 1/160, f/11, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200 hadi 400, flashi nayo uipange kwa mkono yaani isijiamulie, nguvu 1/16. Piga moja, tazama, panda au shuka kwa nguvu ya flashi tu bila kugusa kingine. Flashi iliyobaki juu ya kamera haifai kwa umbali huu, kwa kuwa lenzi yenyewe humtilia kiumbe kivuli. Itoe, ishike juu kidogo ya kinyonga upande mmoja, na mbele yake weka kipande cha plastiki nyeupe ya dumu la maziwa, upana wa kiganja na nusu. Plastiki hiyo ikiwa karibu na kiumbe, hata sentimita 15, mwanga huwa laini na magamba huonekana moja moja. Ikiwa mbali, au flashi ikiwa tupu, utapata madoa meupe kwenye ngozi yenye unyevu.

Fokasi iwe kwenye jicho, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Jicho la kinyonga limechomoza kama kuba, na kile kitundu cha mboni kiko juu ya ncha. Kamera hufokasi ukingo wa kope kwa sababu ndio wenye mistari, na mboni inabaki na ukungu. Zima fokasi ya kujiendesha, weka umbali mmoja, kisha sogea wewe mwili mzima mbele na nyuma kwa milimita, ukipiga mboni inapokuwa kali. Kwenye f/11 sehemu iliyo kali haizidi milimita chache, kwa hiyo simama ubavu wa kinyonga ulingane na uso wa kamera. Ukimpiga kwa mshazari, pembe zitakuwa kali na mkia utayeyuka. Usipande f/22 kutafuta zaidi: tundu likiwa dogo hivyo mwanga hutawanyika na picha nzima hupoteza ukali.

Mandhari nyuma kuwa meusi tititi kuna sababu yake: kitu kilicho mbali mara mbili na flashi hupata robo tu ya mwanga. Usiku dawa ni kuchagua kinyonga aliye na jani sentimita chache nyuma yake. Mchana, shusha shata mpaka 1/60 na upandishe ISO hadi 800, mwanga wa msitu uingie.

Picha nne au tano za flashi zinatosha, kisha zima tochi uondoke. Akifungua jicho, umeshamwamsha; acha. Mchana, kinyonga aliyefura, aliyepanua mdomo au anayekufyonyea anakuambia umekaribia mno. Rangi nyeusi peke yake si hasira kila mara: asubuhi hujitia weusi ili apate joto la jua. Watu wengi wanamwogopa wakiamini ana sumu. Hana, na kumweleza hivyo kijana aliyekuongoza ni sehemu ya kazi nzuri. Lakini ukiletewa kinyonga juu ya kijiti ili ulipe upige, usilipe. Pesa hiyo ndiyo inayomtoa mwingine msituni kesho.

Saintpaulia na maua ya kivulini

Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani asili yake ni miamba hii. Lilipelekwa Ujerumani na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia. Mwituni halioti kama la bustanini. Huota kwenye nyufa za miamba yenye unyevu na kivuli, mara nyingi kando ya vijito.

Ugumu wake wa kwanza ni rangi. Mwanga uliopita kwenye majani hufika chini ukiwa wa kijani, na kamera ikiachiwa ijiamulie hujaribu kuufuta kwa kumwaga wekundu. Ua la zambarau linatoka la bluu au la waridi, na mwamba wa kijivu unapata rangi ya ajabu. Weka kadi ya kijivu, au karatasi nyeupe isiyong'aa ukikosa, palepale ua lilipo, piga picha yake, kisha itumie kupanga WB (urari wa rangi nyeupe) kwa mkono. Hifadhi kwenye RAW, faili ghafi ambayo rangi zake unaweza kurekebisha baadaye. Tazama pia kwenye kamera grafu za mwanga za rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja peke yake: zambarau huweza kuunguza bluu wakati grafu ya jumla inaonekana salama, na petali zikiungua hubaki bapa bila mishipa. Punguza mwanga kwa 1/3 au 2/3 ya hatua (hatua moja ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka maradufu).

Ugumu wa pili ni mng'ao. Majani yake yana vinyweleo na mwamba umelowa maji, kwa hiyo anga jeupe linajichora juu yake. Zungusha filta ya poleraiza taratibu ukitazama kioo mpaka mng'ao upungue, ila usiumalize kabisa, la sivyo jani litaonekana kama limekauka. Filta hiyo hula mwanga wa hatua moja na nusu hadi mbili. Ukiongeza giza la msitu, shata itashuka hadi sekunde 1/4 au nusu. Hapo ni stendi, taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera, na kungoja upepo utulie. Upepo wa msituni huja kwa mikupuo. Tazama majani ya juu, yakitulia hesabu kidogo, bonyeza.

Kuwa usawa wa ua. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama inaonyesha ua kutoka juu, nalo linafanana na lolote lingine la kwenye chungu. Ukishuka, unapata mwamba, maji yanayotiririka nyuma, na stameni za njano katikati ya petali. Kabla ya kupiga magoti, kagua siafu na upupu. Soksi juu ya suruali si urembo huku.

Usikate jani lililoziba, usisafishe kuvumwani kuzunguka mmea, usipandishe mguu mwambani kutafuta pembe nzuri. Kivuli na unyevu ule ndio uhai wake, na baadhi ya aina zake zinapatikana sehemu chache mno. Jani linalokukera lisogeze kwa kidole, piga, liachie.

Mbega na chozi

Mbega wa hapa ni mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, na hakuna mnyama anayeisumbua kamera kumzidi. Akijaza fremu, kamera inaona weusi, inaongeza mwanga, na meupe yanaungua: shusha kitufe cha +/-, cha kuongeza na kupunguza mwanga, hadi -1. Akiwa juu ya tawi na anga jeupe nyuma yake, kamera inaona weupe, inapunguza mwanga, na unapata kivuli chenye mkia: panda hadi +1 au zaidi, ukubali anga liungue. Njia bora ni kukwepa anga. Panda mteremko mpaka uwe usawa wa matawi ya mti ulioota chini yako. Milima imekupa nafasi ambayo msitu wa tambarare hauna. Asubuhi baada ya usiku wa baridi mbega hukaa juani matawi ya juu bila kujishughulisha, na 1/250 inatosha. Wakianza kuruka, 1/1000.

Chozi usimkimbize. Tafuta ua analolitembelea, kama mkungu wa mgomba wenye maua ukingoni mwa shamba au mshubiri uliochanua, usimame mita 3 au 4, jua likiwa mgongoni mwako. Hilo la jua si hiari: manyoya yake ya kumetameta hayana rangi hiyo ndani yake, hurudisha mwanga kwa pembe fulani tu, na mwanga ukitoka nyuma ya ndege utapata ndege mweusi. Fokasi kwenye ua, shata 1/1000 au zaidi, ungoje. Huzunguka maua yake kwa zamu na hurudi. Usicheze sauti za ndege kwenye simu kuwaita, hasa wale adimu; hudhani mpinzani ameingia, wakaacha kiota na chakula kumtafuta. Kiota chenye makinda kiache kabisa.

Ukungu

Kamera huona ukungu kama kitu cheupe kilichozidi na kuufanya wa kijivu. Ongeza +2/3 hadi +1. Fokasi ya kujiendesha itaenda na kurudi bila kushika. Ielekeze kwenye ukingo wa shina lililo karibu, ikishika ifunge. Weka shina moja kubwa mbele lenye giza halisi, mengine yafifie nyuma yake. Bila hilo la mbele, jicho halina pa kuanzia.

Irente na mashamba

Mwamba wa Irente uko kilomita chache kutoka Lushoto mjini, ukitazama Mazinde na tambarare chini. Asubuhi ukingo wenyewe huwa kivulini. Alasiri, kuanzia saa 10, jua hupiga kutoka pembeni na kila kilima kinapata upande wa mwanga na upande wa giza. Wengi hutoa lenzi pana na kurudi na picha yenye anga kubwa na mstari mwembamba wa ardhi. Jaribu milimita 100 hadi 200, ukate kipande: matabaka ya vilima yanayopauka moja baada ya jingine, au barabara na mashamba ya mkonge. ISO 100, f/8, stendi. Upepo wa ukingoni ni mkali. Fungua miguu ya stendi kwa upana, usinyanyue nguzo ya katikati, na begi ukilitundika chini yake liguse ardhi, la sivyo litapepea na kuitikisa kamera. Kaa mbali na ukingo unapotazama kwenye kioo, kwa sababu mtu hurudi nyuma hatua moja bila kujua.

Mabonde ya mboga kuzunguka Lushoto na mashamba ya chai ya Amani hupendeza saa 1 hadi saa 2 na nusu asubuhi, jua likiwa chini na kila tuta lina kivuli chake. Mchana matuta hupotea, rangi ya kijani inakuwa moja. Panda juu upige kuelekea chini, uache anga nje ya fremu, na tafuta kinachovunja mistari: njia ya miguu, mti mmoja, mtu anayepalilia.

Mtu huyo ana shamba lake. Nenda umsalimie kwanza, shikamoo kwa mkubwa, jitambulishe, eleza unachopiga na picha itakwenda wapi. Akikataa, umekatazwa. Akikubali, chukua namba yake umtumie picha kwa WhatsApp siku hiyohiyo, si "nikifika mjini". Wapiga picha wengi wameahidi na kutoweka, na ndiyo sababu wengine siku hizi wanakataa.

Unyevu, kuvu na mafaili

Ukipanda kutoka Mombo, chini ya milima, kwenye gari lenye kiyoyozi, kamera ni baridi na hewa ya nje ina unyevu. Ukiitoa tu, kioo kinajaa jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 izoee. Usifungue lenzi kuifuta ndani.

Adui wa muda mrefu ni kuvu, ambayo hujichora ndani ya lenzi kama utando wa buibui na hula dawa iliyopakwa kwenye kioo. Begi la ngozi hutunza unyevu, kwa hiyo usihifadhi lenzi humo. Tumia kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira pamoja na silika jeli, chembe za kunyonya unyevu, ile inayobadilika rangi, uikaushe kwenye oveni ya moto mdogo kila inapobadilika. Mchele haufai: hunyonya kidogo na vumbi lake huingia kwenye pete za lenzi.

Usiku huohuo nakili kadi sehemu mbili kabla ya kuifuta. Andika tarehe, mwinuko, na kiumbe alikuwa juu ya mmea gani. Bila hayo, picha ya kinyonga baada ya mwaka ni kinyonga tu. Kwenye simu, zima kuhifadhi mahali kabla ya kupiga vinyonga na Saintpaulia, kwa kuwa faili hubeba ramani ndani yake na wapo wanaowakusanya kuuza. Ukitaka kusaidiwa kutambua, iweke iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe, ambayo huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini. Kwingine taja wilaya tu, Muheza au Lushoto, bila jina la njia wala la kijito.